Esnath Yupo

Njombe,
26 Mei 2025

Mpendwa mdogo wangu Esnath,

Kamwene. Pokea salamu kutoka huku kwetu, ambako baridi imewahi kuingia na mimi nimeshaanza kuvaa soksi mbili mbili. Sisi ni wazima, watoto wanaenda shule, mashine inafuma. Hofu ni kwako. Mguu unaendeleaje? Unakula? Usingizi unapata?

Usinicheke kwa mwandiko. Miaka miwili tumeongea kwenye kundi la wafumaji na pembeni ya kundi, nakujua kwa sauti yako na kwa picha za masweta yako, na leo ndiyo kwanza unaona herufi zangu zinavyolala. Kiongozi wetu Devota ametuambia kwamba simu hutaki hata kuiona, kwamba tangu ile video ya lori kwenye mnada ianze kuzunguka, simu ya mtu ikilia karibu yako unaziba masikio. Basi nimeona niandike kwenye karatasi. Nitaipeleka stendi, waiweke na vifurushi, na baba yako, mzee Nahumu, ataichukua ofisi ya basi hapo Makambako. Najua ni mwendo wa saa moja na kidogo tu, ningeweza kuja mwenyewe. Nimeona si vizuri kukutokea mlangoni mtu ambaye hata sura yake hujawahi kuiona.

Pole kwa mama. Nimechana karatasi tatu kwa sababu ya sentensi hiyo fupi, na bado naiona haitoshi. Pole sana.

Kundi zima linakusalimu. Baada ya Jumamosi ile hakuna aliyefuma kwa wiki nzima, tulikuwa tunashinda kwenye simu tu. Mmoja anatuma sauti analia, mwingine anamjibu, wa tatu anasema hawezi tena kukaa kibanda cha barabarani, akisikia lori linateremka anakimbia na mkasi mkononi. Remmy wetu wa bodaboda kila asubuhi anatuma sala, na unamjua Remmy, sala zake ni ndefu kuliko ibada. Devota amepanga zamu: kila Jumatano mmoja wa Makambako aje akae na wewe hata kama hutaki kuongea. Na kila mtu anafuma kipande kimoja cha blanketi lako. Changu ndicho kibaya kuliko vyote, nimekosea kuhesabu mishono, nikafumua, nikakosea tena. Mikono yangu siku hizi haina akili.

Ukiweza kushika kalamu, niandikie hata mstari mmoja.

Dada yako,
Mektilda


Makambako,
4 Juni 2025

Dada Mektilda,

Shikamoo. Barua imefika. Mwandiko wako kweli unalala, lakini nimeusoma wote, mara mbili. Mimi nipo. Paja lina vyuma, daktari anasema mwezi wa nane nitatembea kwa magongo. Kula nakula. Kulala, usiniulize.

Hao wa Jumatano wanakuja. Wiki iliyopita alikuja dada mmoja mnene, akakaa saa tatu anafuma soksi bila kusema neno, akaniaga akaondoka. Nilimpenda sana. Wapo wengine wanakuja kunihurumia kwa sauti.

Nataka nikwambie kitu ambacho sijamwambia baba. Unakumbuka asubuhi ile nilikuandikia kwamba hatuendi mnadani kwa sababu ya mvua? Mvua ilikatika saa tatu. Mama alikuwa ameshajifunika khanga yuko jikoni, kifua kilikuwa kinambana. Mimi ndiye niliyemwambia twende. Nilikuwa na yale masweta ya shule, ya kijani, nikaona nikiyarudisha ndani yatakaa mpaka muhula mwingine. Nikamwambia, mama, masaa mawili tu, unikalie kwenye meza nikihangaika na wateja. Akavaa viatu. Hakusema sitaki, wala hakusema nataka.

Lori la mbao sikuliona. Nilisikia watu wanapiga kelele nikadhani ni mwizi. Basi. Nilizinduka Jumatatu mchana kwenye hospitali ya mbali, walikokuwa wamenihamishia, simu imesagika, kitambulisho hakuna, naitwa "mgonjwa wa kitanda cha saba". Mama walikuwa wamemwacha hospitali ya hapa Makambako. Alifariki Jumatatu hiyohiyo asubuhi. Baba alikuwa kule Ipelele kwa mdogo wake, wanavuna viazi, mtandao wenyewe mpaka upande kilima. Kwa hiyo mama alikaa Jumamosi na Jumapili yote hana mtu.

Mimi ndiye niliyemtoa nyumbani, dada. Nimekwambia wewe tu.

Mdogo wako,
Esnath


Njombe,
8 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu,

Marahaba. Nimefurahi kuona umeandika, na nimelia kwa ulichoandika, nikamwambia mwanangu ni vitunguu. Hatukuwa na vitunguu ndani.

Nisikilize. Hukumuua mama yako kwa kumwambia twende sokoni. Watu mia ngapi waliambiana twende siku ile? Mama angekuwa amekataa ungemwacha, naye alijua hivyo. Alivaa viatu kwa sababu alipenda kukaa kwenye meza yako na kusifia masweta ya mwanawe mbele za watu. Uliniambia mwenyewe mwaka jana kwamba alikuwa anawadanganya wateja kuwa umesomea Ulaya. Lori lilikatika breki, Esnath. Usijibebeshe mzigo ambao si wako. Kama kuna watu wa kubeba, wapo, na wewe si mmoja wao.

Nina jambo langu nami nilitaka kukueleza, lakini naona mguu upone kwanza. Si la haraka.

Nakutumia nyuzi za rangi ya maziwa, za kufuma kwa mikono. Usifume kitu cha maana. Fuma tu.

Dada yako anayekuwaza,
Mektilda


Makambako,
19 Juni 2025

Dada,

Shikamoo. Natumaini hamjambo na baridi. Huku asubuhi nyasi zinakuwa nyeupe, baba ananiletea jiko la mkaa mpaka kitandani, ananifanya kama yai.

Yule muuguzi aliyemhudumia mama alikuja kutupa pole juzi. Sikumwomba anisimulie, lakini alisimulia, nafikiri naye alikuwa na lake la kutua. Mama alikuwa na fahamu Jumapili yote. Taya ilikuwa imevunjika, hakuweza kutamka jina, na kuandika hakujua. Walimwita "Bibi wa khanga ya buluu". Anasema kila mlango ulipofunguliwa, mama aliinua kichwa kuona ni nani. Mchana kutwa. Halafu akirudi kulala anageukia ukutani.

Sasa sikiliza hili. Anasema Jumamosi jioni na Jumapili alipita kijana mwenye helmeti, ana karatasi, anasoma majina wodini kwa sauti: fulani wa fulani, kuna mtu wa fulani hapa? Huyo ni Remmy. Ndivyo walivyompata Denis, mwenzetu wa kundi, jioni ileile, akiwa amefungwa bandeji uso mzima, akanyoosha mkono aliposikia jina lake. Muuguzi anasema jina langu halikusomwa. Angesoma "Esnath wa Nahumu", mama angeinua mkono. Angejua kuna mtu anatutafuta. Wangempigia mtu. Angekuwa na mtu.

Orodha aliandika Devota. Mimi na Devota tuligombana mwezi wa tatu kuhusu ile shingo ya V, alisema nimeiba mtindo wa mwenzangu, nami nikamjibu vibaya mbele ya kundi. Sikujua kwamba mtu anaweza kuweka kinyongo mpaka kwenye orodha ya waliopotea. Wewe uko naye karibu huko Njombe. Muulize kwa nini jina langu halikuwemo. Usimwonee haya. Nataka kujua tu.

Mdogo wako,
Esnath


Njombe,
23 Juni 2025

Mpendwa Esnath,

Marahaba. Sisi wazima, watoto wana mafua.

Barua yako nimeipata. Siku zile zilikuwa za vurugu, majina yalikuwa yanaongezwa na kufutwa kila dakika, na simu zilikuwa hazishiki. Sidhani kama Devota alifanya makusudi. Nitamuuliza.

Nimeambatanisha sukari na majani ya chai. Samahani kwa ufupi, kuna oda ya shule imenishika.

Mektilda


Makambako,
2 Julai 2025

Dada Mektilda,

Shikamoo. Barua yako ya mwisho haikuwa na wewe ndani, sijui kama unaumwa. Kama unaumwa sema.

Devota alikuja Jumatano iliyopita. Alipanda basi kutoka huko kwenu, na kikapu cha parachichi. Sikumruhusu aingie. Nilimwambia nikiwa kitandani, mlango wazi, majirani wawili wamekaa barazani wanasikia, kwamba amemuua mama yangu kwa kalamu. Nilisema neno hilo, kumuua. Nilisema na mengine.

Alisema tu, "Pole, mdogo wangu," akaweka kikapu chini, akaondoka. Baba amenikasirikia, anasema mtu hafukuzwi na mzigo wake mlangoni. Dada mnene wa soksi ameniambia leo kwamba Devota amejitoa kwenye uongozi wa kundi. Ameandika kwamba amechoka, basi.

Sijutii. Labda najuta kidogo. Kinachonisumbua ni kwa nini hakujitetea. Mtu mwenye kosa angesema neno, na asiye na kosa angesema mengi zaidi. Ulimuuliza? Alikwambiaje?

Mdogo wako,
Esnath


Njombe,
5 Julai 2025

Esnath,

Sikumuuliza Devota, kwa sababu najua. Jina lako halikuwemo kwenye orodha kwa sababu mimi nililitoa.

Unajua kila Jumatatu tunaitwa majina kwenye kundi, na asiyejibu mara tatu anaondolewa. Na unajua mimi na wewe tulivyofanya miaka miwili. Ukikosa bando nakujibia, "Esnath yupo." Nikikosa mimi unanijibia. Hakuna aliyewahi kutuuliza. Jumamosi ile, saa nane, Devota aliita majina yote sitini na matatu, kila mtu aandike yupo wapi, ili asiyejibu atafutwe. Alipofika kwako kukawa kimya. Mimi nilikuwa na ujumbe wako wa asubuhi, kwamba mvua inanyesha na hamwendi. Nikaandika, "Esnath yupo nyumbani, ni mzima." Kuna mtu akauliza, una uhakika? Nikaandika, "Nimeongea naye sasa hivi."

Sikuwa nimeongea na wewe. Nilikuwa nimekupigia mara mbili simu haishiki, na wakati ule hakuna simu iliyokuwa inashika Makambako nzima. Niliona nawapunguzia watu wasiwasi. Wakaandika Mungu ni mwema, wakaweka mikono ya kuomba, na Devota akafuta jina lako.

Ningeweza kuishia hapo, ningeonekana mjinga tu. Lakini haikuishia hapo.

Jumapili baada ya ibada nikaiona ile video. Niliitazama kama kila mtu alivyoitazama, na pale kijana anapogeuza simu upande wa meza zilizovunjika, kuna masweta chini kwenye tope. Ya kijani, mstari wa njano shingoni. Na begani ule mshono wako wa kufungia kwa mkono ambao hakuna mwingine anaufanya, nimekutania nao mara ngapi. Nikasimamisha video. Nikajua.

Saa kumi jioni Devota akaniandikia pembeni ya kundi. "Mektilda, Esnath simu yake haipatikani tangu jana. Una hakika uliongea naye?" Nilikuwa nimekaa kwenye mashine, simu mkononi. Ningeandika maneno mawili tu, Remmy alikuwa bado yuko hospitali. Nikafikiria wale watu sitini waliomshukuru Mungu kwa uongo wangu. Nikafikiria watakavyonisema. Nikajiambia pengine uliuza masweta yale kwa mtu mwingine, pengine simu imeisha chaji, tusubiri kesho. Nikamjibu, "Ndiyo, ni mzima."

Mama yako alikuwa anainua kichwa saa hiyohiyo. Nimelisoma hilo kwenye barua yako na tangu siku hiyo kila mlango ukifunguliwa hapa nyumbani naona aibu.

Kwa hiyo uliponiambia kwamba wewe ndiye uliyemtoa mama nyumbani, ukaniambia mimi peke yangu, nilikufariji. Niliandika maneno mazuri. Yalikuwa ya kweli, lakini sikuwa na haki ya kuyasema mimi.

Jana nimekwenda kwa Devota. Ana ujumbe wangu wote kwenye simu, angekuonyesha siku ile mlangoni mambo yakaisha. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akanijibu, "Nilikuwa nasubiri useme mwenyewe. Sikujua utachukua miezi miwili." Hakunikaribisha chai.

Sikuombi msamaha, kwa sababu nikikuomba nitakuwa nakupa kazi nyingine ukiwa umelala. Nimeandika tu ujue nani ni nani.

Mektilda


Makambako,
14 Agosti 2025

Mektilda,

Natembea. Kwa magongo, kutoka kitandani mpaka barabarani na kurudi.

Barua yako niliisoma siku ileile ilipofika, kisha nikamwambia baba aipeleke jikoni ikawashie moto. Hawezi kusoma miwani yake ikiwa imepotea, na miwani yake imepotea tangu msiba. Aliichoma. Baadaye nikajuta, nilitaka kuisoma tena nione kama kweli uliandika saa kumi.

Nimekuchukia wiki tano. Nakwambia bila kuzunguka. Nilikuwa naamka naanza kukuchukia kabla hata sijanawa uso. Hata ule uongo wa Jumamosi ningeuelewa, mimi mwenyewe nimekujibia mara nyingi nikiwa sijui uko wapi. Ni Jumapili. Jumapili siiwezi.

Wiki iliyopita nilipanda basi na magongo yangu mpaka Njombe. Nilipita karibu na kwako, nilikuwa na maelekezo, sikuingia. Nilikwenda kwa Devota. Nilianza kuomba radhi mlangoni, hakuniacha nimalize, aliniwekea kiti akaniuliza kama mguu unavimba jioni. Kundi wamemrudisha uongozi. Sasa kwenye kuita majina ni marufuku mtu kumjibia mwenzake.

Sikiliza. Tarehe 30 mwezi huu, siku ya Jumamosi, tunajengea kaburi la mama. Kila jioni baba ananiuliza swali moja: kwa nini hatukutafutwa? Watu wote walitafutwa, kwa nini mke wake hakutafutwa? Anadhani ni kwa sababu alikuwa Ipelele, kwamba mwanaume akiwa mbali na nyumba yake watu wanaihesabu haina mtu. Anajilaumu mzee wa watu, amekonda. Mimi nimenyamaza. Ninalo jibu lake na nimenyamaza, kwa hiyo sasa na mimi nimekuwa kama wewe.

Sitamjibu kwa niaba yako. Kama unaweza kuja umjibu mwenyewe, mbele ya watu watakaokuwepo, njoo. Kama huwezi, nisipate tena karatasi yako kwenye vifurushi.

Esnath


Makambako,
3 Septemba 2025

Mektilda,

Kamwene.

Naandika baada ya watu kuondoka na vyombo kurudishwa kwa wenyewe. Nilikuwa nakufikiria mrefu. Kwa sauti yako yote ile ya kwenye simu nilitegemea mwanamke mkubwa, nikaona kitu kifupi kimesimama getini na sweta limevaliwa nje ndani. Sikukucheka siku ile. Nimecheka jana, peke yangu, nikajishangaa.

Ulisema yote. Nilikuwa nakusikiliza kama utaruka Jumapili, hukuruka. Baba alipokuuliza, "Mwanangu, ungesema saa hiyo ya jioni, tungemkuta?" nilimwona Devota amefumba macho. Ungeweza kusema Mungu ndiye anayejua. Watu wote pale walitaka useme Mungu ndiye anayejua. Ukasema, "Mngemkuta hai, baba." Halafu ukakaa chini kwenye udongo uliochimbwa.

Hukuona yaliyofuata, kwa sababu uliondoka na basi la saa tisa bila kula. Baba hakusema neno siku hiyo. Hakula. Jumapili alikwenda ibadani akarudi, akaingia kulala. Shangazi zangu wamesema mengi juu yako na sitayaandika. Mimi mwenyewe sijajua kama nitaweza kuwa mdogo wako tena. Siku nyingine naweza, siku nyingine nikipita karibu na mlango wa mama siwezi. Usinisubiri kwa jibu la hilo.

Jana jioni baba alikuwa anamenya viazi, mimi nawasha moto. Akaniuliza, "Yule mama wa Njombe alifika salama?" Nikamwambia nadhani alifika. Akaniuliza nimejuaje. Nikamwambia, baba, ni siku ya nne sasa, bila shaka amefika, tungesikia.

Akaweka kisu chini. Akasema, "Sikukuuliza unavyodhani. Muulize mwenyewe, ajibu mwenyewe. Nataka kujua."

Kwa hiyo nimewasha leo simu mpya aliyoninunulia baba, yenye namba yangu ileile, mara ya kwanza kugusa simu tangu mwezi wa tano, nikaona jina lako nikashindwa kubonyeza, nikaizima. Ndiyo maana nimechukua karatasi. Baba amevaa viatu, anasubiri hapa mlangoni aipeleke stendi.

Anauliza kama ulifika.

Esnath